Jeneza la Kurudi na Jeneza la Kuzikwa: Maneno kwa Mafundi Seremala wa Lamu

Mazungumzo ya mkufunzi wa useremala mbele ya mafundi, kamati za misikiti na wazee wa makanisa, mjini Lamu

  Jambo nililoitiwa leo hatulizungumzi mpaka lifike mlangoni, na likifika huwa hakuna wakati wa kupima mbao.

Nianze na neno lenyewe. Ukimwambia fundi wa Langoni au wa Faza akutengenezee jeneza, atakuuliza ni la msikiti gani. Kwake yeye jeneza ni chombo cha kuchukulia. Maiti hulazwa juu yake, husaliwa, hupelekwa kaburini, kisha jeneza hurudi msikitini kungojea mwingine. Wazee wengine huliita tusi. Ukimwambia fundi wa Mpeketoni akutengenezee jeneza, atakuuliza marehemu ana urefu gani, maana kwake jeneza ni sanduku, lina kifuniko, na likishuka halipandi tena. Vitu viwili tofauti, jina moja. Mtu akiandika kwenye karatasi ya zabuni "majeneza mawili" bila maelezo, asishangae akiletewa masanduku mawili yaliyopakwa vanishi yanayong'aa, na msikiti hauna la kuyafanyia. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wenye kuandika barua na oda: andikeni "jeneza la kuchukulia" au "sanduku la kuzikia". Leo nitatumia maneno hayo hayo.

Jeneza la kuchukulia ni kazi ngumu kuliko linavyoonekana. Fundi kijana huliona kama kitanda chenye mikono minne. Lakini hebu fikirini linapopita. Mji wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 pamoja na vichochoro vyake, na vichochoro hivyo havikukatwa kwa ajili ya gari. Katika baadhi ya njia punda wawili wenye mizigo hawapishani. Watu sita au wanane wakiwa na jeneza mabegani, wengine wakisukumana wapate thawabu ya kulibeba hatua chache, wakifika kwenye pembe kali wanalazimika kuliinua juu ya vichwa au kuliinamisha. Likiwa na mikono mirefu mno, mkono wa mbele unagonga ukuta huku wa nyuma bado uko kichochoroni. Nimeona nyumba zenye chokaa iliyochubuka kwenye pembe, kwenye kimo cha bega la mtu mzima.

Basi kipimo cha kwanza si urefu wa maiti. Ni pembe nyembamba zaidi kati ya msikiti na makaburini. Nenda na ufito, upite nao njia nzima. Ufito ukikwama, jeneza litakwama. Mara nyingi utakuta kitako cha kulalia maiti kinatosha kwa futi sita na nusu, na kinachozidi ni mikono. Mikono ikiwa ya kuchomoa, au ya kukunja kwa bawaba nzito zenye pini, tatizo limekwisha.

Kitako nakipendelea kiwe cha papi, si ubao mzima. Papi zina nafasi za kupitisha maji, ni nyepesi, na ukiziosha zinakauka. Kamba ya nazi iliyosukwa kama kitanda ni nzuri kwa mgongo wa mtu aliye hai, lakini kwa jeneza haifai, kwa sababu inanywa kila kinachomwagika na huwezi kuisafisha mpaka ndani. Misumari isichomoze popote. Sanda ni pamba nyembamba, na hakuna jambo la kutahayari kama kusikia nguo ya marehemu inachanika wakati wa kumshusha. Tumieni skrubu zilizozamishwa, au ulimi na tundu kama walivyofanya wazee wetu kwenye milango. Pembe zote zipigwe msasa.

Kwa maiti wa kike, jeneza huwekewa matao ya fito juu yake na kufunikwa nguo, ili umbo lisionekane. Hili lina asili inayotuhusu sisi watu wa pwani ya Afrika. Imepokewa kwamba Bi Fatima, binti wa Mtume (S.A.W.), hakupendezwa na namna nguo ilivyotandazwa juu ya maiti wa kike ikaonyesha umbo lake. Asma bint Umays, aliyekuwa ameishi uhamishoni Habasha, akamwambia ameona huko namna nyingine. Akaagiza matawi mabichi ya mtende, akayakunja, akatupa nguo juu yake. Bi Fatima akaipenda. Ndiyo kusema muundo huu unaotumika leo misikitini kwetu ulipitia ng'ambo ya Bahari ya Shamu kutoka Afrika, ukarudi. Mafundi wengine siku hizi huchomelea matao ya chuma moja kwa moja kwenye jeneza. Mimi sipendi. Chuma cha baharini kinashika kutu, kutu inatia doa nguo, na tao lisilotoka linazuia jeneza kutumika kwa maiti wote. Fito nne za mkoko au mabomba ya plastiki yanayoingia kwenye matundu yanatosha.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo kwenye hatari.

Tukumbuke tulivyo. Uwanja wa ndege uko Manda. Barabara kutoka Garsen inaishia Mokowe. Kwa hiyo kila maiti anayeletwa kisiwani Amu kutoka Mombasa au Nairobi, kwa ndege au kwa gari, lazima avuke bahari. Na kila anayefariki hospitali ya King Fahd hapa mjini, akiwa mtu wa Pate, Siyu, Kizingitini, Ndau au Kiwayu, lazima avuke pia, na safari yake ni ndefu zaidi. Mnajua Mkanda. Maji yakitoka, chombo hakipiti, unangoja. Ukizunguka nje wakati wa kusi, chombo kinarushwa. Na maiti wetu hacheleweshwi, kwa hiyo watu huondoka hata pale nahodha angependa kungoja.

Jeneza la msikiti halikuundwa kwa boti. Miguu yake minne inasimama kwenye sakafu ya msikiti, lakini kwenye boti ya faiba yenye mabenchi inasimama miwili tu, miwili mingine inaning'inia. Watu wanne wanalishikilia kwa mikono njia nzima. Au linawekwa juu ya kingo za boti, kulia na kushoto, na hapo uzito unapanda juu na boti inayumba zaidi. Kwenye gati ni vivyo hivyo: ngazi zina utelezi, boti inapanda na kushuka, aliye chini hajapata vizuri na aliye juu ameshaachia. Wengi wenu mnajua visa ambavyo hatutaki kuvitaja mbele ya wafiwa.

Jeneza la boti linahitaji mambo machache tu, na yote yako ndani ya uwezo wa karakana ya kawaida. Miguu iwe ya kukunja, na chini pawe na mbao mbili ndefu mfano wa mikuku, ili likae sawa sakafuni na liweze kuburutwa juu ya benchi au juu ya mchanga bila kuinuliwa. Mikono iwe ya kuchomoa. Pembeni pawe na ukingo wa inchi nne au tano ili maiti asiteleze chombo kikilala upande. Mikanda mitatu mipana ya kitambaa, kifuani, mapajani na miguuni, ifungwe juu ya shuka ya kufunikia, siyo kamba nyembamba inayokata. Pete za kamba kwenye pembe nne, ili aliye gatini avute na aliye botini apokee, badala ya kurushiana uzito. Na turubali jepesi la kuzuia mawimbi. Jeneza hilo likikaa kwenye msikiti ulio karibu na gati, Amu, Mokowe, Mtangawanda na Kizingitini, halitakuwa la msikiti mmoja wala ukoo mmoja. Nadhani ndiyo sadaka ya jariya iliyo rahisi kuliko nyingi tunazochangishana.

Kwa uzito, nimepiga hesabu ambayo kila fundi anaweza kuirudia. Sanduku la kuzikia lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 40, likitengenezwa kwa mbao za saipresi za inchi moja, linakula kama mita za mraba 4 na nusu za mbao na linafika karibu kilo 50 kabla ya kumlaza mtu. La mbambakofi kipimo hicho hicho litafika kilo 90. Wengine hudhani mbao za kiwandani, emdiefu, ni nyepesi. Siyo. Za unene wa milimita 18 zitakupa kilo 60, na zikilowa maji ya bahari zinavimba na kuachia skrubu. Mtu akisafirisha sanduku la emdiefu kwa boti bila kulifunika kwa nailoni, anajitafutia aibu gatini. Jeneza la papi la kuchukulia halipaswi kuzidi kilo 20.

Ndugu zetu wa bara ya kaunti, sasa ni zamu yenu. Tangu skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta ilipoanzishwa miaka ya 1970, Mpeketoni imekuwa na desturi ya sanduku na ya kutazama mwili. Wapo wanaoleta mwili nyumbani, wapo wanaoupeleka bara kwa wazee. Sisi tuliokua visiwani tusiione desturi hiyo kama jambo la ajabu. Kutazama uso wa aliyekwenda ni kuaga. Hata kwetu jamaa wa karibu hufunuliwa uso kabla sanda haijafungwa. Tofauti ni kwamba kwetu mambo hayo hukaa ndani ya nyumba, na kwao hufanyika uwanjani mbele ya watu wote. Wakenya tuliona mwili wa Rais mstaafu Moi ukilazwa Bungeni Februari 2020, na wa Rais mstaafu Kibaki Aprili 2022, siku tatu tatu, maelfu wakipita kuwaaga.

Kazi ya fundi katika sanduku la kutazamia iko kwenye dirisha. Wengi huweka kioo cha milimita 3 kilichobanwa kwa misumari midogo. Barabara zetu za ndani mnazijua. Kioo hicho kikipasuka njiani, kinapasuka juu ya uso wa marehemu, na anayegundua ni mjane siku ya maziko. Tumieni plastiki ngumu ile wanayotengenezea vibao vya matangazo, au kifuniko cha vipande viwili chenye bawaba, ambacho nusu ya juu inafunguliwa na kufungwa bila kioo kabisa. Hiki cha pili ni rahisi, hakitoi jasho la mvuke, na hakivunjiki. Mvuke ni jambo ambalo wanunuzi hawaambiwi: mwili uliotoka kwenye baridi ya hospitali ukifika kwenye joto letu, dirisha linakuwa ukungu, na watu wanapita kutazama weupe mtupu. Mwacheni marehemu nje ya baridi muda kidogo, na kifuniko kiwe wazi kabla ya ibada.

Chini pawekwe nailoni nzito iliyopandishwa pembeni kama beseni, chini ya kitambaa. Vishikio viwe vya kubeba kweli. Vile vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu ni mapambo, vinang'oka. Fundi anayeviweka amwambie mteja wazi abebe kwa chini.

Na bei. Sitataja ya mtu, maana wauzaji mko hapa. Lakini nitasema ninaloamini: mfiwa ni mnunuzi asiyeweza kukataa, na fundi anayejua hivyo anapaswa kuwa na sanduku la kawaida, safi, lililo mbele na siyo lililofichwa nyuma ya lile la gharama. Tajiri na maskini wote wana haki ya kuzikwa bila familia kubaki na deni. Mwaka 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alipofariki katika ajali ya helikopta, alizikwa kwao Siaya ndani ya siku 3, bila sanduku, kwa sababu ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alikuwa Mkristo na mwanajeshi wa cheo cha juu kabisa nchini. Simwambii mtu afanye hivyo. Nasema tu kwamba asiyeweza kununua la gharama hana sababu ya kuona haya.

Ila desturi haibadilishwi kwa amri. Mwaka 1784 Mfalme Joseph wa Pili wa Austria aliamuru parokia zitumie sanduku moja la pamoja lenye mlango wa chini, mwili ushuke kaburini ukiwa ndani ya gunia na sanduku lirudi kwa mwingine. Kwa hesabu ya mbao alikuwa sawa kabisa. Watu waligoma, na mwaka uliofuata akaifuta amri yake. Sisi jambo hilo hilo tunalifanya karne nyingi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu lilitujia kupitia dini na wazee. Na kule Ghana, mjini Teshie karibu na Accra, mafundi wa nyumba ya Kane Kwei walipata sifa duniani kwa kuchonga masanduku ya umbo la samaki, mashua au tunda la kakao, kila mtu kwa kazi aliyoifanya. Mvuvi wa Kizingitini akiona atacheka. Mvuvi wa Teshie naye akiona jeneza letu tupu la papi huenda akatusikitikia.

Kaburini napo kuna useremala. Kwenye udongo unaoshikamana, mwanandani huchimbwa ubavuni upande wa kibla na viunza husimamishwa kwa kuegemezwa. Kwenye mchanga wa vichuguu vya Shela na sehemu nyingi za visiwa, ubavu unabomoka, kwa hiyo mwanandani huchimbwa katikati na viunza hulazwa juu kama dari. Viunza hivyo vya kulala vinabeba mzigo. Chukua kiunza cha upana wa sentimita 15 kilichovuka nafasi ya nusu mita, juu yake mita moja ya mchanga: hicho peke yake kinabeba kama kilo 120. Kwa hiyo ubao wa nusu inchi uliookotwa nyuma ya karakana haufai. Inchi moja, usio na fundo katikati. Kaburi zima la mtu mzima halizidi viunza 13 au 14, na mbao zake zote ni kama moja ya tano ya zinazoingia kwenye sanduku. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018 na mikoko ikakosekana, tulijua thamani ya hesabu hiyo. Naomba kila msikiti uweke akiba ya viunza vilivyokatwa tayari, vilivyoinuliwa juu ya sakafu mchwa wasivifikie.

Kwa masanduku ndio maana makaburi hutitia. Kifuniko cha sanduku chini ya mita moja ya mchanga kinabeba karibu tani 2. Kitavunjika tu, leo au mvua ijayo. Rudisheni mchanga baada ya masika ya kwanza kabla ya kujenga saruji juu yake, la sivyo saruji itapasuka na mtarudia gharama.

Na Shela tusisahau kwamba chini ya vichuguu vile ndiko yaliko maji matamu tunayokunywa mjini. Mahali pa kaburi jipya paulizwe kwa afisa wa afya ya umma kabla ya kuchimba. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka makaburi na nyumba za maiti chini ya kaunti, kwa hiyo swali hilo lina mwenyewe wa kulijibu. Kibali cha maziko nacho kichukuliwe. Kifo cha nyumbani kikiripotiwa kwa naibu chifu, kibali ni karatasi moja. Kisiporipotiwa, mjane na mayatima watahangaika miaka kutafuta cheti cha kifo kwa ajili ya shamba, pensheni au hata karo.

Mwisho ni usafi wa jeneza linalorudi. Wakati wa korona mwaka 2020 tuliona misikiti ikiogopa kutumia jeneza lake lenyewe, na sababu ilikuwa moja: mbao ghafi na kamba hazioshiki. Jeneza likipakwa vanishi ya boti mara tatu, linaoshwa kwa sabuni kila likirudi. Palipomwagika damu au majimaji, futeni kwanza, kisha pakeni maji ya klorini ya asilimia 0.5, yakae dakika 10, ndipo msuuze. Dawa ya kufulia nguo nyeupe inayouzwa madukani ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe 6 vya maji. Anayeosha avae glavu. Jeneza lianikwe, lisirudishwe chumbani likiwa na unyevu.

Pale nje nimeweka jeneza moja la boti, lenye miguu ya kukunja. Halijapakwa rangi makusudi, ili muone viungo. Manahodha waliopo naomba watangulie kulijaribu kwenye boti zao kabla maji hayajatoka, na mafundi waje na tepu za kupimia. Likigonga mahali, andikeni kwa penseli hapo hapo kwenye ubao.